Pembe Niliyoifuta

Nderitu wa Waithaka alikuwa na masikio makubwa, suruali moja ya kaki, na kichwa nilichokichukia kwa miaka mitatu. Nasema hivyo mapema ili usije ukanidhania mtu mwema. Watu wa mtaani kwetu Bondeni wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, huwaambia kwamba alikuwa mpole, mcha Mungu na hodari wa kazi, na yote hayo ni kweli. Kweli niliyokuwa nikiificha ni kwamba nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakinishuki, na mke wangu Kuluthum aliujua wivu huo kabla sijaujua mwenyewe.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya mpimaji ardhi mmoja wa Kizungu pale Nakuru, Bwana Tindall. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya ghorofani, juu ya duka la Mhindi wa vitambaa. Walowezi walikuwa wakigawana mashamba, wakiuziana na kugombania mipaka, na Bwana Tindall ndiye aliyekwenda kuwapimia. Huko shambani wanaume wake walivuta mnyororo wa chuma na kupigilia vigingi, naye akachungulia katika darubini yake na kuandika pembe. Daftari likirudi mjini lililetwa mezani kwangu. Kazi yangu ilikuwa kuchukua urefu na mwelekeo wa kila upande na kuugeuza, kwa sini na kosini, uwe futi kadhaa za kaskazini au kusini na futi kadhaa za mashariki au magharibi. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha pili. Nilivaa tai. Mtu akinisalimia barabarani aliniita Karani Bashir, nami niliitika bila haraka.

Nderitu aliingia mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na tatu kama mshika mnyororo. Darasa la nne, basi. Mwaka mzima sikumjua isipokuwa kwa matope aliyoyaacha kwenye ngazi. Halafu siku moja mvua ikazuia safari, wanaume wakaachwa wakae ofisini, naye akasimama nyuma ya kiti changu, kofia mkononi.

"Samahani Karani," akasema. "Hapo umechukua sini ya dakika kumi na tatu. Pembe ni ya dakika thelathini na moja."

Niliangalia. Alikuwa amesema kweli. Nilimuuliza kwa ukali ni nani aliyemfundisha kusoma majedwali ya sini na kosini. Akanijibu kwamba alinunua kitabu kimoja sokoni, hakina jalada, muuzaji alikuwa anakichana kufungia ugoro. "Nilikuwa nataka tu kujua hizo namba tunabeba kutoka shamba zinaendanga wapi," akasema.

Bwana Tindall alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Wiki iliyofuata Nderitu alipewa meza.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza, kwa sababu ya desturi ya kazi yetu. Katika upimaji hesabu haifanywi na mtu mmoja. Hufanywa na wawili, kila mtu peke yake, bila kuzungumza, na mwisho karatasi mbili hulinganishwa. Zikikubaliana, mmoja anatia sahihi kwamba amepiga hesabu na mwingine kwamba amehakiki. Kwa hiyo tulikalishwa mgongo kwa mgongo, mimi nikitazama dirisha na yeye akitazama ukuta, na aliyemaliza aliifunika karatasi yake juu ya meza na kungoja.

Aliyengoja alikuwa yeye kila siku. Nikiwa katikati ya upande wa tatu nilisikia kiti chake kikisogea na karatasi ikifunikwa. Halafu alianza kuchonga penseli kwa wembe, taratibu, huku akiuimba wimbo wa kanisani puani. Sijui kama unajua ilivyo kufanya hesabu huku nyuma yako mtu aliyeimaliza anachonga penseli. Karibu na saa sita mkewe Wariara alimletea githeri kwenye mkebe, na wakacheka pamoja pale chini kwenye ngazi. Hata kicheko kile nilikionea wivu, ingawa kwangu nilikuwa na mke mzuri na pilau ya Ijumaa.

Nyumbani sikuwa na jambo jingine la kusema. Nderitu amefanya hivi, Nderitu amejidai vile. Kuluthum alikuwa akimpakulia binti yetu Kinsi, akaniambia bila kuniangalia, "Baba Kinsi, huyo Nderitu wako anakula hapa kila siku, na sahani hana. Mwambie aje basi nimpakulie."

Sikucheka.

Sasa nitasema jambo la aibu. Nilianza kuchungulia karatasi yake. Akishuka kwa Wariara, niliinua pembe ya ile karatasi na kulinganisha na yangu. Sikunakili. Nilijiambia hivyo, kwamba sinakili, nahakikisha tu, ili nisionekane mjinga mbele ya Bwana. Mara nyingi tulikuwa sawa. Mara saba tulitofautiana, na mara zote saba nilirudia hesabu yangu kwa jasho nikakuta kosa ni langu. Nilizihesabu. Mwenye wivu huhesabu vitu kama hivyo. Baada ya mara ya saba, nikiona tofauti sikuwa narudia tena hesabu. Nilikuwa nafuta.

Mwaka wa hamsini na saba Bwana Tindall alitangaza kwamba Nairobi kuna kozi ya upimaji, miezi tisa, na Waafrika watachukuliwa. Atakayehitimu atashika darubini yeye mwenyewe na kuongoza watu wake. Ofisi yetu ilikuwa na nafasi moja. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimekaa kwenye kiti kimoja miaka minane, na nilijua kwamba Nderitu akirudi na darubini begani nitakuwa nikimpigia hesabu mpaka nizeeke.

Wiki hiyohiyo ilitokea kazi ya Dundori, shamba la ng'ombe la mlowezi aliyekuwa na haraka ya kuuza. Nderitu hakuweza kwenda. Siku zile za hali ya hatari mtu wa kabila lake hakuruhusiwa kutoka mjini bila kibali, na kibali chake kilikuwa kimeisha Jumamosi, kipya hakijatoka. Kwa hiyo Bwana Tindall alinivua tai, akanipa bendera na mnyororo, nikapanda lori pamoja na wale wanaume walionicheka njia nzima.

Shamba lilikuwa na pembe sita na pande sita. Tulipima tano. Tulipofika kwenye kigingi cha sita, tukibakiwa na upande wa mwisho wa kurudi kwenye kigingi cha kwanza, ukungu wa Dundori ulishuka ghafla, mzito, hata bendera iliyo hatua ishirini haionekani. Tulingoja saa mbili tukitetemeka. Mwishowe Bwana alifunga darubini. Tukashuka kwa miguu hadi kigingi cha kwanza, lilikokuwa lori, tukiufuata ua wa mlowezi. Nakumbuka njia hiyo vizuri. Ilikuwa ya mteremko mtupu, niliangukia mgongo mara mbili kwenye matope, na kijito kilisikika mbele yetu kikizidi kukaribia.

Kesho yake asubuhi Bwana Tindall alituita wote wawili mbele ya ubao.

"Ile laini ya mwisho hapana pimwa," akasema kwa Kiswahili chake. "Lakini iko dawa. Watu natoka kigingi ya kwanza, nazunguka, narudi kigingi ya kwanza. Kaskazini yote na kusini yote lazima kuwa sawa. Mashariki na magharibi vilevile."

Nitakupa namba zilizonyooshwa, maana zenyewe zilikuwa na mikia mirefu. Pande tano tulizopima zilikuwa zimetuacha futi mia tano kaskazini ya mahali tulipoanzia, na futi elfu moja mia mbili magharibi yake. Upande wa sita ulitakiwa uturudishe. Basi Bwana aliandika mistari miwili: urefu mara kosini ya pembe ni hasi mia tano, urefu mara sini ya pembe hiyohiyo ni elfu moja mia mbili. Milinganyo miwili, na vitu viwili tusivyovijua, urefu na pembe. Pembe yenyewe ni ile inayohesabiwa kutoka kaskazini kwa kufuata mishale ya saa.

Alituonyesha njia kwa haraka. Zidisha kila mlinganyo kwa wenyewe, ujumlishe. Pembe inatoweka, unabaki na urefu. Halafu gawanya ule wa sini kwa ule wa kosini. Urefu unatoweka, unabaki na tanjenti ya pembe. Akaweka chaki chini.

"Hii ndiyo mtihani yenu ya Nairobi," akasema. "Yule napata, nakwenda. Kama nyinyi mbili napata, mimi nachagua yule naandika safi. Saa sita narudi."

Moyo wangu uliruka. Mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa ofisi nzima, na wa Nderitu ulikuwa kama kuku amepita. Nilichohitaji ni kupata tu.

Tukakaa mgongo kwa mgongo. Urefu haukunisumbua: laki mbili na nusu kujumlisha na milioni moja, laki nne na elfu arobaini, kipeo chake futi elfu moja mia tatu kamili. Kisha nikagawanya. Tanjenti ilikuwa hasi mbili nukta nne. Majedwali hayana hasi. Ukitafuta mbili nukta nne unapewa digrii sitini na saba, dakika ishirini na tatu, na hapo kitabu kinakuacha. Tanjenti huwa hasi mahali pawili. Waweza kuiondoa pembe ile katika mia na themanini, au katika mia tatu na sitini, na tanjenti haitakuambia ni ipi, kwa kuwa ulipogawanya uliichanganya hasi ya chini na chanya ya juu, na huwezi tena kujua ilitoka wapi.

Nilikaa. Nikakumbuka matope. Nikarudi kwenye ile milinganyo miwili kabla haijagawanywa, nikaiangalia mmoja mmoja. Kosini ni hasi: tunakwenda kusini. Sini ni chanya: tunakwenda mashariki. Kusini mashariki, chini kijitoni, nilikoangukia mgongo. Basi ni mia na themanini kutoa sitini na saba na dakika zake. Niliandika, kwa mwandiko ule wangu, digrii mia na kumi na mbili, dakika thelathini na saba. Nikaipigia mstari kwa rula.

Sijawahi kufurahia hesabu kama ile. Kwa dakika chache sikukumbuka kabisa kwamba kuna mtu mgongoni mwangu.

Wariara aliita kutoka chini. Kiti kilisogea, ngazi zikalia. Karatasi yake ilikuwa imefunikwa tangu zamani.

Ningeweza kutoiinua. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko mambo mengi ya maisha yangu. Nilikuwa na jibu, nilikuwa nimeutembea ule mstari kwa miguu yangu, na yeye hakuwahi hata kuliona lile shamba. Niliinua. Urefu, elfu moja mia tatu. Pembe, digrii mia mbili tisini na mbili, dakika thelathini na saba. Alikuwa ameondoa katika mia tatu na sitini.

Sikujiuliza ni nani aliyekosea, nilijiuliza tu nimekosea wapi. Mara saba, nikakumbuka. Huenda kijito kilikuwa upande mwingine. Ukungu hupotosha masikio. Huenda tulizunguka ua bila mimi kujua. Huenda kuna kanuni aliyoisoma katika kile kitabu chake kisicho na jalada, nami sikuifikia. Nilimchukia mtu yule kwa roho yangu yote, na hapakuwa na mtu duniani niliyemwamini kuliko yeye. Nikiwa sawa na yeye, mwandiko utaamua. Nikachukua raba, nikafuta, nikapuliza vumbi, nikaandika juu yake mia mbili tisini na mbili.

Saa sita Bwana Tindall alirudi, akazichukua karatasi, akaona zinakubaliana, akafurahi. Akatandaza ramani mezani ili achore upande wa mwisho. Aliweka kipimapembe juu ya kigingi cha sita, akatia nukta, akalaza rula, akachora. Mstari ukatoka kwenye kigingi cha sita ukapanda juu kaskazini magharibi, ukaingia katika shamba la jirani, ukafia huko. Kigingi cha kwanza kilikuwa kimebaki chini kabisa, upande wa pili wa karatasi.

Kisha Nderitu akasema, "Nimekosea, bwana. Lakini sioni ni wapi."

Bwana alikuwa anaitazama karatasi yangu. Penseli zetu zilikuwa ngumu, za kuchorea, na penseli ngumu haifutiki. Raba inaondoa weusi, lakini mfereji unabaki. Aliipeleka dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga, akaisoma kwa sauti, digrii mia na kumi na mbili, dakika thelathini na saba. Alichukua kipimapembe akarudi kwenye ramani. Mstari ulishuka ukakigusa kigingi cha kwanza katikati.

"Hii ilikuwa hapa kwanza," akaniambia. "Kwa nini wewe nafuta?"

"Nilidhani nimekosea, bwana."

"Nani nasema wewe nakosea?"

Aliiangalia meza ya Nderitu, akaiangalia yangu, na nikajua kwamba ameelewa. Hakunipigia kelele, laiti angepiga. "Nderitu nakosea na kichwa yake mwenyewe," akasema. "Yeye naweza kufundishwa. Wewe napata, halafu natupa. Hiyo mimi hapana jua namna ya kufundisha."

Hivyo ndivyo Nderitu alivyopata nafasi ya Nairobi kwa jibu lisilo sahihi, na mimi nikaikosa kwa jibu sahihi.

Kibali chake cha safari kilichukua wiki tatu. Katika wiki hizo tulikaa mgongo kwa mgongo kama zamani na hakuligusa jambo lile hata mara moja, na ukimya wake nao ulinikera. Nilitaka anitukane. Jumapili, siku moja kabla ya kupanda treni, alibisha hodi nyumbani kwetu Bondeni, mchana mwangavu, akiwa amevaa koti la kuazima. Kuluthum alimkaribisha, akamletea chai ya tangawizi na mahamri, akaniangalia kwa jicho la kuniambia sasa mgeni wako amepata sahani.

Nderitu alikunywa chai nusu kikombe. "Karani," akasema, "kuna kitu imenisumbua. Nimerudia ile hesabu hata sijui mara ngapi, na kila mara inanipeleka kule kwa jirani. Wewe ulijuaje ni ile ingine? Huko Nairobi wakiniuliza sitakuwa na jibu. Nifundishe."

Miaka mitatu, na ndiyo mara ya kwanza mtu huyu kuniuliza kitu. Wazo la kwanza lililonijia ni kumfundisha vibaya, nami sioni haya kulisema sasa, maana lilikuja lenyewe na lilikuwa tamu. Ningemwambia kanuni moja ya uongo kuhusu mia na themanini na mia tatu na sitini, angeibeba hadi Nairobi, na kabla ya mwezi kwisha wangemrudisha na lile koti la watu. Alikuwa ameniinamia, masikio yale wazi, ananiamini kama nilivyokuwa nikimwamini mimi.

Nilichukua daftari la shule la Kinsi nikaandika ile milinganyo miwili. "Kabla hujagawanya," nikamwambia, "angalia alama. Kosini hasi..."

"Ah," akasema. "Kosini hasi ni kusini, sini chanya ni mashariki. Tanjenti inameza alama zote mbili. Kwa hivyo ningejua upande kabla hata ya kufungua kitabu." "Na ningejua kwamba urefu unaweza kuupata bila kuzidisha yenyewe kwa yenyewe. Ukishajua pembe, unagawanya mia tano kwa kosini yake, na hiyo inakuwa kuhakikisha."

Hilo la mwisho mimi sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa mwalimu wake kwa sentensi moja, na hata hiyo hakuniachia niimalize. Wivu ulinipanda upya pale pale, moto uleule, nami nikamsukumia sahani ya mahamri ili mikono yangu iwe na kazi.

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Alipokuwa akivaa kofia alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Siku ile Bwana aliposoma ile namba yako kwa dirisha, nilikasirika sana, Karani. Nilienda nyumbani sikuongea na Wariara. Nilikuwa nimekuonea wivu."

Nilimwambia asinitanie.

"Sikutanii," akasema. "Hiyo kitu ilinipita kabisa, na wewe uliiona peke yako. Lakini kwa nini uliifuta?"

Nilikuwa nimetamani neno lile la wivu tangu siku ya kwanza aliposimama nyuma ya kiti changu na kofia mkononi. Sasa alikuwa amelileta mwenyewe, amesimama mlangoni pangu, na alikuwa anangoja jibu. Nilimwambia raba iliponyoka. Akanitazama, akatikisa kichwa polepole kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo ambayo sikuweza kumsamehe.